Kebo ya darini: shajara ya kuunganisha meshi kwa waya, Mji wa Kale, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nyumba ya nyanya ina kuta za matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa. Leo nimepima ukuta wa ngazini kwenye fremu ya mlango: sentimita 54. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu wajenzi wa zamani walipima chumba kwa boriti ya mkoko, na boriti haiendi mbali kabla haijaanza kupinda. Ukitoka kwenye daka la mlango wa mbele mpaka jikoni unapita kuta tatu kama huo. Wakati wa kaskazi, jua linapowaka nje, ndani kuna ubaridi wa mtungi. Lakini mawimbi ya waifai hayajui raha hiyo.

Boksi la faiba, linaloleta intaneti nyumbani, liko chini, pembeni mwa mlango, pale walipoona waliolileta kuwa ni karibu na nguzo. Kifurushi chetu ni megabiti 40 kwa sekunde. Nyanya na mamangu wanakaa ghorofa ya kwanza. Binamu yangu, mtoto wa ami, anakaa darini kabisa, na ndiye mwenye shida. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika kwa ajili ya watu wa ng'ambo, na kila jioni ana kikao cha video. Mwezi mzima wa Desemba kikao hicho amekifanya akiwa ameketi ngazini, kompyuta magotini, kwa kuwa ngazi ndiyo njia pekee ambayo mawimbi yanapanda bila kugonga jiwe.

Desemba hiyohiyo tulinunua meshi ya vifaa vitatu, yaani visambazaji vinavyoeneza waifai moja nyumba nzima. Nimevipa majina ili shajara hii isinichanganye: Mkuu kiko chini na kimeunganishwa na boksi la faiba, Kati kiko kwa nyanya, Kilele kiko kwa binamu. Vipimo vya leo, vifaa vikizungumza hewani bila waya: kando ya Mkuu 38, kando ya Kati 22, kando ya Kilele 6, na mara nyingine hakuna kitu. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, humezwa na jiwe upesi kuliko yale ya 2.4. Kwa hiyo Kilele kinaning'inia kwenye 2.4, na mtaa mzima umejaa hapo hapo.

La kutia moyo ni kwamba kebo ya mtandao ipo ukutani tayari, kutoka mlangoni chini mpaka darini. Ilivutwa miaka hiyo kwa ajili ya kamera ya usalama, kamera ikafa kwa chumvi ya bahari, kebo ikabaki. Nimebana plagi mpya ncha zote mbili, nikaweka testa, kile kikaguzi cha nyaya za kebo: taa nane kwa nane, tena kwa mpangilio. Nimeandika kwenye karatasi iliyo mlangoni mwa friji: "Kebo ipo, kazi imekwisha nusu."

Jumapili, 12 Januari

Asubuhi nilichomeka ncha ya chini kwenye tundu lililokuwa wazi la boksi la faiba, na ncha ya juu kwenye Kilele. Taa ya Kilele ikawa nyekundu. Programu ya simu ikadai haikioni kabisa. Nilizima, nikawasha, nikarudia mara ya tatu, kisha nikachomeka kompyuta badala ya Kilele na kutazama anwani ya mtandao niliyopewa. Ilianza na 192.168.1. Nikiwa kwenye waifai ya meshi, anwani yangu huanza na 10.0.0.

Hapo nikacheka peke yangu. Mkuu kinafanya kazi ya ruta, kifaa kinachogawa intaneti: kina mtandao wake wa ndani, na boksi la faiba liko upande wa pili wa ukuta huo, upande wa nje. Kuchomeka Kilele kwenye boksi la faiba ni sawa na kumweka mtoto kwa jirani kisha kumwita kwa mamake na kushangaa haitiki. Kwa vifaa vya namna hii, vikiwa katika hali ya ruta, kila kilicho cha meshi sharti kitokee nyuma ya Mkuu. Njia nyingine ni kukifanya Mkuu kiwe kisambazaji tu, boksi la faiba libaki ndilo ruta, na hapo wote wanakuwa mtandao mmoja. Nilifikiri juu yake nikaacha, kwa sababu mamangu amekwisha zoea kuwafungia watoto intaneti saa tatu usiku kwa kutumia programu ya meshi, na kitufe hicho kingepotea.

Nikahamisha kebo kwenye tundu la pili la Mkuu. Dakika moja, taa nyeupe, na kwenye programu pakaandikwa kuwa Kilele kimeunganishwa kwa waya. Kipimo darini: 37. Tukanywa chai kwa mahamri, nami nikajiona fundi.

Jumatatu, 13 Januari

Saa tatu usiku, ujumbe kutoka darini: "Kaka, imekata tena." Kisha mwingine. Binamu ni mtu wa hesabu, aliziandika: mara 11 katika saa moja. Kila ikikata hukaa kama nusu dakika, hurudi, hukaa vizuri, hukata.

Jambo la kuudhi ni kwamba bila waya mtandao ulikuwa wa polepole lakini haukukata hivi. Kwa maneno mengine nimeongeza kasi na kuharibu kazi.

Jumanne mpaka Ijumaa, 14 hadi 17 Januari

Wiki ya dhana. Nilidhani ni joto, nikakitoa Kilele juu ya kabati. Nilidhani ni programu ya ndani ya vifaa, nikasasisha vyote vitatu. Nilidhani ni kifaa chenyewe, nikawaandikia walioniuzia, wakajibu kwa adabu nyingi kwamba nizime niwashe. Jumatano umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, hakuna kilichofanyika. Kitu kimoja tu sikukidhani, nacho ni kebo, kwa sababu testa ilikuwa imewaka taa nane.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimeacha kudhani, nimeanza kubadilishana. Nilichukua Kati nikakiweka mahali pa Kilele, na Kilele nikakipeleka kwa nyanya. Ugonjwa haukumfuata mgonjwa: Kati, kikiwa darini kwenye waya ule, kilikata vilevile, na Kilele kwa nyanya kilitulia. Kisha nikateremsha Kilele chini kabisa, nikakiweka meza moja na Mkuu, nikaviunganisha kwa kebo fupi ya mita moja. Nilikiacha hapo tangu adhuhuri mpaka isha. Hakikukata hata mara moja.

Vifaa ni vizima. Mwenye kesi ni kebo ya ukutani, na shahidi wake mkuu, testa, amenidanganya au sikuelewa alichosema.

Jumapili, 19 Januari

Siku ndefu, na hii ndiyo nimejifunza nayo zaidi.

Nilipanda darini na kompyuta yangu kuukuu ya Linux nikaichomeka kwenye kebo badala ya Kilele. Nikaacha dirisha la kumbukumbu za mfumo wazi, nikanywa maji, nikatazama. Kiungo, yaani mawasiliano ya waya, kimepanda, gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde). Baada ya dakika tatu kimeshuka. Kimepanda, gigabiti. Kimeshuka papo hapo. Kimepanda, megabiti 100. Kimekaa dakika nane. Kimeshuka. Kila nikiuliza kasi ya kiungo kwa programu ya ethtool, jibu linategemea nimeuliza saa ngapi.

Ndani ya kebo kuna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ile ya pini 1 na 2 za plagi na ile ya 3 na 6, ambazo kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B ndizo chungwa na kijani. Buluu na kahawia hukaa tu. Gigabiti huzitaka zote nne kwa wakati mmoja. Sasa, vifaa viwili vinapokutana kwenye waya huanza kwa kusalimiana, kila kimoja kikitaja kasi kinazoziweza, na salamu hizo hupita kwenye chungwa na kijani peke yake. Kwa hiyo kebo ambayo jozi hizo mbili ni nzima na nyingine zina kasoro huwaacha wenyewe wakubaliane gigabiti vizuri kabisa. Ni kama mtu anayeitikia mwaliko wa harusi kwa simu, "nitakuja, inshallah", na siku yenyewe haonekani. Mkataba umefungwa, kazi inaanza, jozi ya buluu haifiki, kiungo kinaanguka, wanasalimiana upya. Wakishindwa mara kadhaa, vifaa vingine vina akili ya kujishusha mpaka 100. Halafu baadaye kitu kinatikisika, wanajaribu tena.

Na kila kiungo kinapoanguka, Kilele kinahangaika: kinaacha waya, kinatafuta njia ya hewani, kinaipata, kisha waya unarudi na kinahama tena. Nusu dakika za binamu ndizo hizo.

Na testa je? Testa yangu ni ile ya betri ya volti 9 inayowasha taa moja baada ya nyingine. Inauliza swali moja: umeme kidogo unapita kutoka pini hii mpaka ile? Nyaya mbili zilizogusana kwa shida zitawasha taa hiyo. Hazitabeba gigabiti. Wala kitaa cha kijani kwenye tundu la kifaa hakisemi zaidi ya hapo. Wiki nzima nimekiamini kitaa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimefanya jambo ambalo ukimwambia mtu atadhani umechoka. Kwenye sanduku la takataka za umeme kulikuwa na swichi ya matundu matano, ya zamani, isiyojua kitu zaidi ya megabiti 100. (Swichi ya mtandao, ya kuunganisha kebo kadhaa, si ya taa. Mamangu aliniletea ya taa.) Nimeiweka chini, kati ya Mkuu na kebo ya ukutani. Mtandao umepona.

Umepona kwa sababu swichi hii haina uwezo wa kutaja gigabiti wakati wa salamu. Wanakubaliana 100 tangu mwanzo, wanatumia jozi zilizo nzima, na buluu na kahawia hakuna anayeziuliza. Nimepima kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kati ya kompyuta mbili, moja chini na moja darini: megabiti 94, ambazo ndizo unazotarajia kuziona kwenye kiungo cha 100 baada ya kutoa gharama za njiani. Kifurushi chetu ni 40. Binamu amefanya kikao cha saa nzima akiwa kwenye meza yake, mlango umefungwa.

Mamangu ameniuliza swali ambalo wasomaji wengi wangeniuliza: "Sasa imekuwa nzuri, mbona bado wachokora?" Nimemjibu kwamba kuna kidonda ndani ya ukuta na sijakiona. Kisha nikawaza na jambo lililonitisha kidogo. Kebo ile ilikuwa ya kamera. Kamera hula umeme. Umeme wake ulipita wapi?

Jumanne, 21 Januari

Kabla ya kitu kingine nimechomoa kebo pande zote mbili nikapima kwa mita, jozi kwa jozi, volti za moja kwa moja. Sifuri kote. Nashukuru, maana nimekwisha chomeka vifaa viwili na kompyuta moja kwenye waya huo bila kuuliza. Angekuwapo mtu mwenye adapta ya volti 12 iliyosahauliwa nyuma ya kabati, shajara hii ingekuwa ya aina nyingine.

Jumamosi, 25 Januari

Sio siku ya kazi, ila lazima niiandike. Saa tano asubuhi nyumba nzima ilikosa mtandao: chini, kwa nyanya, darini, hata simu iliyokuwa kando ya Mkuu. Taa za ile swichi kuukuu zilikuwa zinameta zote kwa pamoja, upesi sana, kama zimepagawa.

Mpwa wangu wa miaka kumi na moja alikuwa amefagia. Akaona kebo fupi imechomekwa swichini upande mmoja na upande wa pili uko sakafuni, akaona ni uchafu, akauchomeka kwenye tundu lililobaki la swichi ileile. Kitanzi. Pakiti (kipande cha data) ya kwanza ya kutangazia wote iliyoingia ilizunguka ikarudi, ikatangazwa upya, ikazunguka. Pakiti za intaneti zina hesabu ya hatua, zikiisha pakiti hufa, lakini fremu za Etheneti, bahasha zinazozibeba kwenye waya, hazina hesabu hiyo, na swichi ya bei rahisi haina itifaki ya kugundua vitanzi. Huzunguka mpaka mtu achomoe.

Nilichomoa, sekunde tano nyumba ikarudi. Sikumgombeza, nimemweleza. Akauliza kama fremu zile zilikuwa zinahisi kizunguzungu. Nikamwambia nenda kamwulize nyanya.

Meshi nayo inaweza kufanya kitanzi hiki bila mtoto: Kilele kikiwa na njia ya waya na njia ya hewani kwa Mkuu kwa wakati mmoja. Vifaa hivi huzuia hilo kwa kuambizana kwa vijipakiti maalumu vipi vimeunganishwa kwa waya, vingine kwa itifaki ya IEEE 1905.1, na zipo swichi ambazo huvitupa vijipakiti hivyo badala ya kuvipitisha. Ukiona kifaa chako kinasema "hewani" ilhali kebo ni nzima na ina swichi katikati, ondoa swichi kwanza uone. Yangu inapitisha, kwa bahati.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekiona kidonda.

Nilianza kwa kufuata kebo kwa macho. Inaingia ukutani karibu na mlango, inatoka ngazini ghorofa ya kwanza, inatambaa juu ya boriti, inaingia tena. Pale juu ya boriti, nyuma ya zulia la ukutani ambalo nyanya hajalitoa tangu harusi ya mamangu, kulikuwa na kijisanduku cheupe cha plastiki, kile cha kuunganishia nyaya. Hakuna aliyekumbuka kuwa kipo. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, nikazitoa kwa koleo.

Ndani, kebo imekatwa. Chungwa na kijani zimeunganishwa kwa mkono, zikasokotwa na kuviringwa utepe, na kwa kweli zimeunganishwa vizuri. Buluu na kahawia zimeunganishwa pia, lakini kila moja ina waya wa tatu uliopachikwa ubavuni, unaotoka nje kupitia tundu dogo na kuishia hewani mahali adapta ilipokuwa ikichomekwa. Utepe wake umefunguka. Shaba imegeuka kijani, ule ukijani wa kila kitu kinachoachwa wazi karibu na bahari. Nilipogusa jozi ya kahawia kwa ncha ya kalamu, mpwa wangu aliyekuwa ameshika testa darini alipiga kelele: "Saba imezimika! Imewaka! Imezimika!"

Kumbe kamera ilipata picha kupitia jozi mbili na umeme kupitia jozi nyingine mbili. Kebo moja, kazi mbili.

Jumapili, 2 Februari

Namba ya yule fundi wa kamera ilikuwa bado imeandikwa kwa kalamu ya mkaa nyuma ya mlango. Nilimpigia nikiwa na ghadhabu kidogo, ambayo salamu ziliimaliza.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza nyumba gani. "Eeeh! Kamera ya mlangoni! Bado yafanya kazi?"

"Ilikufa zamani, mzee. Nauliza habari ya buluu na kahawia."

Akacheka. "Hizo nilipitisha stima, mwanangu. Nyanyako hakutaka tobo la pili ukutani. Ningefanyaje? Kwa kamera zilitosha. Hakuna aliyeniambia mtakuja kutaka intaneti humo."

Hakika. Kwa kazi aliyopewa, alifanya vizuri, na kamera ilidumu miaka sita. Kuwagawia umeme na picha kebo moja ni jambo la kawaida kwa mafundi wa kamera, na huenda nyumba nyingine mjini zina kebo kama hii. Anayehamia nyumba na kukuta kebo ukutani, kwanza aulize ilikuwa ya nini.

Nilimwuliza kama nisafishe viungo nivitie risasi. Akasema kitu ambacho nimekifuata: "Kiungo juu ya boriti hapa kwetu ni deni. Vuta mpya."

Jumamosi, 8 Februari

Kununua kebo. Duka la kwanza, Barabara ya Digo, mita kwa shilingi 40, sanduku zuri limeandikwa Cat6, jina la daraja la kebo. Niliomba kipande cha mkononi, nikakwangua waya mmoja kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi, ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, na ukiikunja mara mbili tatu kwenye kona inakatika. Nikamwonyesha muuzaji. Akasema, "Wote wanachukua hii, boss." Sina shaka.

Duka la tatu nikapata shaba tupu kwa shilingi 85. Kipande cha urefu uleule ni kizito waziwazi, hata macho yakiwa yamefumbwa utakitofautisha. Nimechukua mita 30.

Jumapili, 9 Februari

Njia. Nyanya ameshikilia msimamo wake: ukuta wake hautobolewi. Na kusema kweli, chokaa ya zamani ukiitia drili ya kugonga humomonyoka kuliko ulivyotaka, unaomba tundu la kidole unapata la ngumi. Tumetumia tobo la bomba la maji linaloshuka kutoka tangi la juu. Limezidi ukubwa wa bomba tangu lilipotengenezwa. Tumefunga kebo kwenye kamba ya nailoni, kamba kwenye nati nzito, nati ikashushwa kutoka darini. Ilikwama ghorofa ya kwanza mara mbili. Mpwa aliingiza mkono, mkono wake ndio pekee uliopenya.

Kebo imekaa mbali na nyaya za umeme njia yote ila sehemu moja ambapo inazikata, na hapo nimeikatisha kwa msalaba badala ya kuzilaza pamoja. Urefu uliotumika: mita 23. Kikomo ni mita 100, kwa hiyo urefu hautatusumbua.

Jumamosi, 15 Februari

Kubana plagi. Nilimwachia mpwa ncha zote mbili ili ajifunze, nikaenda kuswali alasiri. Nikarudi, testa taa nane kwa mpangilio, ana tabasamu la sikio hadi sikio. Nikachomeka kompyuta: kiungo kikapanda, kikasuasua, kikashuka.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikatazama plagi kwenye mwanga. Alikuwa amepanga kila rangi na mwenzake: chungwa, kijani, buluu, kahawia, pande zote mbili sawasawa. Kwa akili ya mtoto na ya testa ni kamili, pini ya kwanza imekutana na ya kwanza. Lakini pini 3 na 6 sharti ziwe waya mbili zilizosokotwa pamoja, maana msokoto ndio unaoua kelele kutoka jozi za jirani, na yeye kwenye 3 na 6 amempa mmoja wa kijani na mmoja wa buluu, wasiojuana. Mpangilio unakwenda: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani humruka buluu ili akutane na wake.

Tulikata, akabana upya mwenyewe, mimi nikisoma rangi kwa sauti. Mara ya pili testa hii inanipa cheti cha uongo. Nitaendelea kuitumia, lakini kama ninavyotumia kauli ya mtu anayeuza gari.

Swichi kuukuu imeondolewa. Mkuu moja kwa moja mpaka Kilele. Kumbukumbu za mfumo: gigabiti, pande zote kwa pamoja. iperf3: megabiti 936.

Jumamosi, 22 Februari

Siku saba. Nimeacha kompyuta ya Linux ikihesabu kila kiungo kinaposhuka. Imehesabu mara moja, Jumanne saa nane mchana, wakati umeme ulipokatika. Kwenye kikao cha binamu hakuna kilichokatika, ila jana yeye mwenyewe alimkatia mteja simu kwa makusudi, na hiyo haimo katika hesabu yangu.

Kebo ya zamani nimeiacha ukutani, lakini nimekata plagi zake zote mbili na kuzifunga ncha kwa utepe, nikaandika juu yake: "YA KAMERA. ILIBEBA STIMA. USICHOMEKE." Kijisanduku nimekifunga tena nyuma ya zulia.

Kilichobaki ni Kati. Bado kinatumia hewa, megabiti 22, na nyanya hana malalamiko isipokuwa kile kitaa cheupe kinachomwangaza usiku. Kebo mpya inapita nusu mita kutoka kitandani pake, ndani ya tobo la bomba. Ningeweza kuikata hapo na kuweka kiungo cha kumpa Kati. Nimesimama hapo leo na koleo mkononi, nikaliweka chini. Zimebaki mita saba kwenye bunda, na Ramadhani inaingia wiki ijayo, hakuna atakayenikubalia vumbi. Baada ya Idi nitavuta ya pili, nzima, kutoka kwa Mkuu. Kitaa nimekizimia kwenye programu.